Nyimbo za Kufukuza Ndege

Nyinyi watu mmeketi hapo na sura kama mmeramba betri, hebu sogeeni karibu niwape maneno. Wewe wa nyuma pia, wacha kujifanya unatafuta simu. Na kama kuna mzee wa kanisa hapa, yeye akae mbele kabisa, kwa sababu hii maneno ni yake, asije akasema ameletewa na watu.

Mimi ni mtu wa huku chini ya Kiritiri, mahali jua inachoma hadi mbuzi wawili wakikutana wanapigania kivuli cha waya. Darasa niliionea kwa dirisha, kwa hivyo nikikosea mahali, songa tu mbele, usinisahihishe. Lakini kuna kitu moja nilijua mapema, na hiyo ni furaha ya wokovu. Siku niliokoka, nikiwa kijana, niliimba kutoka mkutanoni hadi nyumbani, na nyumbani nikapita. Nikaendelea na wimbo. Nilikuwa nimekaribia Embu mjini ndio mama yangu alituma watu wanirudishe, na hao watu wakarudi wakiimba pia. Punda waliacha kubeba maji wakatusikiliza. Hivyo ndivyo ilikuwanga.

Halafu hiyo furaha ikakauka. Hapana, nasema vibaya. Ilikaushwa. Na mwenye aliikausha namjua.

Mzee wa kanisa letu alikuwa amefanya kazi ofisini huko Embu miaka mingi, kazi ya kufungua mlango na kuufunga, akarudi huku kwetu na koti nyeusi na ile sauti ya mtu anakwambia mkubwa hayuko. Hiyo koti hakuitoa. Jua ya Kiritiri inaweza kuivisha yai ikiwa bado ndani ya kuku, yeye ako ndani ya koti. Jasho ilimtelemka hadi kwa viatu, akitembea kwenda mbele ya kanisa unasikia chwa, chwa, kama mtu anavuka mto. Na uso wake, mama watoto alisemanga huyo mzee akiangalia ng'ombe, maziwa inaganda kabla haijakamuliwa.

Sasa mtu kama huyo ndiye alipewa furaha yetu atutunzie. Akaanza kutoa kitu moja moja. Ngoma akaifungia stoo, ati kanisa si soko. Kayamba akasema ni ya waganga. Makofi akasema inasumbua watu wa kuombea, na hao watu wa kuombea hatukuwahi kuwaona. Wamama wakicheza kidogo wakipeleka sadaka, anakohoa kwa maikrofoni. Ile wimbo ya zamani ya uamsho, ile mguu haikubali kukaa chini ukiimba, hiyo akaipiga marufuku kabisa, na sababu aliyotoa ni mguu.

Badala yake akaleta spika. Kubwa kama choo. Kanisa ni ya mabati, ndogo, mtu wa mbele anasikia tumbo ya mtu wa nyuma ikilia, lakini spika ililetwa. Na mtu akishakuwa na spika lazima atafute cha kusema. Matangazo ikawa ndefu kuliko neno la Mungu. Mwavuli umepotea, tunatangaziwa. Mwavuli umepatikana, tunatangaziwa. Mwenye mwavuli anasimamishwa, anaonywa juu ya uzembe. Mimi nikawa naenda kanisa vile mbuzi inaenda dipu ya kupe. Inajua itaingizwa, inajua itatoka imelowa, na haijui ni ya nini.

Msimu ninaosema, mvua ilitukumbuka. Misimu ya nyuma ilikuwa imetupita juu kwa juu, tukala mahindi ya msaada, ile ya njano, hadi kuku wetu wakaanza kuiangalia na madharau. Na kwa hiyo laini ya kupokea mahindi, anayesimama mbele akihubiria watu wenye njaa juu ya uvivu ni nani? Ni koti. Kwa hivyo mtama wetu ulipoota, ukasimama, ukatoa vichwa, mimi na mama watoto tulikuwa tunaenda kuuangalia asubuhi kama watu wanaangalia mtoto amelala. Huo mtama ndio ulikuwa mwaka wetu. Ukifika ghalani, tunakula ugali yetu na uji yetu, watoto wanaenda shule wameshiba, na hatusimami kwa laini ya mtu. Ukiisha shambani, tunarudi kwa koti.

Na kitu cha kuumaliza kilikuwa njiani. Mtu hajawahi kuona ndege wa mtama, huyo ashukuru wazazi wake. Ndege mwenyewe ni kidogo kama kidole, huwezi kumpika, ukimpika utakunywa maji ya moto tu. Lakini hatembei peke yake. Anakuja na ukoo wake, na ukoo wa bibi yake, na majirani waliosikia kuna sherehe. Jua inafichika. Wakishuka kwa shamba ukiwa umeshika kikombe cha chai, ukiweka kikombe chini unapata mabua imesimama kama njiti za kiberiti. Watu wa Maua wana bahati, ndege hali miraa. Na heri asile, angekula hangelala, angetusumbua hadi usiku. Watu wa Timau nao, ngano yao ni ya matajiri, inalindwa na mashine inalia kama bunduki. Sisi tuna mdomo.

Kwa hivyo tunajenga dungu. Dungu ni kitanda tu, lakini kimepewa miguu ya twiga. Unakipigilia katikati ya shamba, unapanda juu na debe la kugonga, na kombeo, na rundo la udongo mkavu wa kurusha, na kutoka jua ikichomoza hadi ikizama wewe unapiga kelele. Hakuna kazi inaaibisha mtu kama hiyo. Mwanaume mzima, ana mke, ana watoto, amelipa mahari, anashinda juu ya miti akibishana na ndege.

Na ndege hana Jumapili. Sikilizeni hapo vizuri. Ndege alikuwa amechunguza akajua siku moja kwa wiki watu wote wanafungiwa ndani ya mabati, wanasikiliza habari ya mwavuli, na mashamba iko peke yake. Jumapili ndio alikuwa anakuja na wageni.

Tukaanza kunong'onezana vile mtu mmoja kwa kila nyumba atabaki. Koti akasikia. Koti husikia kila kitu isipokuwa maombi. Jumapili iliyofuata akasimama kwa matangazo.

"Kuna watu," akasema, na spika ikapiga mluzi hadi mbwa wakajibu huko nje, "kuna watu wamepanga kubaki mashambani siku ya Bwana kwa ajili ya tumbo. Nawaambia mapema. Atakayebaki shambani Jumapili atawekwa kiti cha nyuma. Hatafika mezani pa Bwana. Na akifa, tutamzika kimya, bila wimbo."

Kuna cucu mmoja, mjane, shamba lake limeshikana na langu. Huyo bibi ni mzee sana, mimi nafikiri alifika hapa kabla ya mlima. Akainua mkono.

"Na mtama, mzee?"

"Bwana ataulinda."

"Na wako?"

"Wangu pia ni Bwana," akasema. "Na nimeweka sanamu."

Hiyo sanamu tuliiona tukienda nyumbani, kwa sababu shamba lake liko kando ya barabara, na ndilo kubwa kuliko yetu yote. Alikuwa amechukua koti yake ya zamani akavalisha mti. Ndege walikuwa wamekaa kwa mabega yote mbili, wamejipanga kama komiti, wakihara kwa kola. Ilifanana na yeye hadi mama watoto alikuwa ameanza kuinama aisalimie.

Lakini hakucheka. Alifika nyumbani akaweka sufuria kwa moto bila maji. Mama watoto ni mwanamke hodari, nyoka anaua na mwiko, lakini hicho kiti cha nyuma alikiogopa. Mamake alikuwa amewekwa hapo zamani kwa sababu ya kujibu mzee wa kanisa, na akafa kabla hajaitwa mbele. Walimzika bila wimbo. Mke wangu alikuwa msichana, alisimama hapo kaburini akisikia majembe peke yake.

"Baba watoto," akaniambia, "wewe enda kanisa. Mimi nibaki na ndege."

"Na si wewe ndio unaogopa kuzikwa kimya?"

"Naogopa. Lakini naogopa pia watoto wakiniuliza chakula."

"Enda wewe. Mimi nikizikwa kimya nitakuwa nimepumzika."

"Usicheze na hiyo maneno."

"Sichezi. Hata nikizikwa na wimbo, ataimba nani? Hiyo kwaya yenu ya siku hizi inaimba kama watu wanang'olewa meno."

"Wataniuliza uko wapi."

"Sema niko na wageni. Sema ni wengi na wanakula sana."

Akaenda. Mimi nikapanda dungu, na kusema ukweli furaha niliyokuwa nayo ilikuwa ya mtu ametoroka, haikuwa ya Mungu hata kidogo. Kutoka huko juu nilisikia spika ikivuka bonde. Ilikuwa inasoma majina ya watu hawakufagia kanisa.

Ndege wakaja. Nikagonga debe, wakaruka, wakakaa tena. Nikarusha udongo, wakasonga kidogo kama watu wanapisha mama mjamzito, wakarudi. Nikawatukana kwa Kimbeere. Nikawatukana kwa Kiswahili. Nikatumia maneno nilisikia kwa madereva wa lori za mchanga, maneno mengine inatoa majani kwa mti. Ndege walikuwa wamezoea. Kuna mmoja alikaa kwa kichwa cha mtama hapo karibu na kidole changu cha mguu, akawa ananiangalia huku anatafuna, kama mtu amelipia kiti.

Matusi ikaisha. Mdomo ikatafuta kitu ingine, ikapata wimbo. Mimi sikuichagua. Ilikuwa ile ya uamsho, ile ya mguu. Nikaanza polepole, halafu debe ikaingia, halafu mguu ikakumbuka kazi yake. Dungu lote likaanza kutingika, mtama nao ukatingika, na hao ndege wakainuka wote pamoja wakaenda. Sisemi ni muujiza. Wewe pia ungekuwa umekula kwa starehe halafu meza ianze kuruka, ungeenda. Lakini walienda.

Nikanyamaza nivute pumzi. Na hapo ndio nikasikia kiitikio kinatoka shamba la pili.

Ilikuwa cucu. Juu ya dungu lake, kitambaa kimeanguka, anagonga sufuria.

"Cucu," nikamwita, "hukuenda kanisa?"

"Nilienda kwa ndoto. Nikaamka kwa matangazo. Imba, ndege wanarudi."

Nikaimba. Yeye akaitikia. Halafu kutoka ng'ambo ya korongo ikaingia sauti ya tatu, nzito, kama lori imepakia ikipanda mlima kwa gia ya kwanza. Huyo alikuwa kijana wa kupakia mchanga, mtu wa pombe, alikuwa amewekwa kwa dungu na mamake kwa sababu hakuna kitu ingine angeaminiwa nayo. Kanisa aliiona mara ya mwisho akiwa amebebwa. Lakini wimbo aliijua yote, hata yale maneno ya mwisho ambayo sisi huwa tunanung'unika tu.

Na mimi nikaanza kulia. Wewe cheka ukitaka. Machozi inatoka, mguu inacheza, mkono inagonga debe, na ndani ya kifua kitu kimefunguka kama mlango ule mzee alikuwa analipwa kufungua na hakufungua. Nilimkumbuka Mungu vile unakumbuka jina lilikuwa kwa ncha ya ulimi. Hakuwa ameenda mahali. Alikuwa nje ya spika, amekaa kivulini, anatungoja tutoke.

Mama watoto akarudi akanipata nacheka peke yangu. Akakaribia akaninusa mdomo.

"Umekunywa nini?"

"Sijakunywa. Nimeokoka."

"Uliokoka zamani."

"Hiyo ilikuwa imekauka. Hii ni mbichi."

"Ndege wamekula?"

"Hawajakula."

Akatembea shamba lote, akishika vichwa vya mtama kimoja kimoja kama daktari. Akarudi, akaniangalia tena. Chai siku hiyo iliwekwa sukari.

Furaha ni kama upele, huwezi kukaa nayo na usikune. Siku ya soko nikaenda Kiritiri nikaambia kila mtu. Niliambia wauza mkaa. Niliambia mnunuzi mmoja wa mbuzi, mtu wa kutoka mbali, alikuwa ameniuliza tu beberu ana umri gani.

"Kwa hivyo unasema nini," akaniuliza, "niokoke ama ninunue mbuzi?"

"Anza na moja, ingine itafuata."

Hapo kando kulikuwa na mhubiri wa mjini, amekodisha jenereta, anapigia soko kelele juu ya jehanamu hadi jasho inaruka. Watu walikuwa wamemzunguka na nyuso za kufiwa. Mimi sikuwa na jenereta. Nilikuwa na debe, nilikuwa nimelinunua jipya. Nikaligonga kidogo tu, ile ya mguu, na wamama wa kuuza ndengu wakaanza kusonga mabega. Mhubiri akaniangalia kama nimemwibia kuku. Hawa watu ni wa ajabu. Wanaita watu kwa furaha ya milele, na wakiona ya dakika moja wanakasirika.

Jumapili iliyofuata, bonde lote lilikuwa na watu juu ya miti. Dungu hapa, dungu pale, zingine zimejengwa haraka na miguu imepinda. Mimi naanza, cucu anapokea, kijana wa ng'ambo ya korongo anaweka sauti ya chini, na wimbo inaenda shamba hadi shamba hadi ikipotea huko mbele. Inarudi baada ya muda ikiwa imeongezwa maneno. Ndege walikuwa wanazunguka juu kama wageni wamefika arusi wakakosa mlango.

Na ushuhuda. Hapo ndio niliona Mungu ana akili, kwa sababu ushuhuda wa kupigiwa kelele kutoka shamba hadi shamba hauwezi kuwa mrefu. Kanisani mtu anaweza kukueleza dhambi zake za ujana hadi unamuonea wivu. Huku ni pumzi moja, umalize.

Yule kijana wa mchanga akasimama kwa dungu lake.

"Watu wangu, nimeacha," akapaza.

"Umeacha nini?" cucu akauliza.

"Pombe."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Na hii ni asubuhi."

"Si ndio nasema, cucu."

Bonde lote likacheka. Yeye pia akacheka, halafu akaketi akaficha uso kwa magoti, na tukaona mabega yake ikitingika, na hiyo haikuwa kicheko tena. Tukamwimbia. Na kwa wale wanafikiri natia chumvi, hadi leo hajarudi kwa pombe. Mamake sasa analalamika kitu kingine, ati anakula sana.

Mama watoto alikuwa bado anaenda kanisa. Anavaa leso yake nyeupe, anapita chini ya dungu langu bila kuinua kichwa, kama mtu anapita nje ya baa. Lakini nilikuwa namwona vile hatua yake inafuata debe, na akifika mahali pa kugeukia kanisa hatua inakataa kugeuka. Kisha anaenda. Alikuwa anasikia majembe.

Halafu siku moja, mtama umeanza kukauka na tumebakisha kidogo tu tuvune, nikamwona anarudi kabla ya matangazo kuisha. Akasimama chini ya dungu.

"Hakuna mtu," akasema.

"Wapi?"

"Kanisani. Ni mzee, na wale watu wake wawili wa komiti ya kanisa, na mimi, na viti. Anahubiria viti juu ya uasi."

"Viti vimesema amina?"

"Kimoja kilianguka." Akashika mti wa dungu. "Sogea."

Akapanda. Akafunga leso vizuri, akachukua debe kwa mkono wangu, na akaimba. Jamani. Tumeishi nyumba moja miaka yote hiyo na sikujua ako na hiyo sauti. Nafikiri ilifungiwa stoo siku ile ngoma ilifungiwa. Cucu aliacha kugonga sufuria akasikiliza. Ndege walienda hadi mimi nikawaonea huruma, nikafikiri hao leo watalala Maua.

Sasa koti alikuwa amehesabu viti vyake akaona kuna kimoja kimepungua. Hatukumaliza hata wimbo ya pili. Tukamwona anakuja katikati ya mtama, jua iko utosini, koti imeshikwa na miiba, na komiti wake wawili nyuma wamebeba Biblia yake na mwavuli. Labda ndio ule ulipotea. Mama watoto akanyamaza. Debe likashuka polepole hadi likagusa goti.

"Shuka," mzee akaniambia.

"Mzee, habari ya huko chini?"

"Nimesema shuka, tuongee kama watu wazima."

"Nikishuka nani atabaki na hawa? Panda wewe."

"Mimi sio nyani wa kupanda miti."

"Mzee," cucu akasema kutoka kwake, "mimi nimepanda, na haya magoti nimeazima tu."

Akaona aibu. Akapanda. Komiti mmoja akasukuma kutoka chini, mwingine akasukuma yule wa kusukuma, na mimi nikavuta kola. Hiyo nafikiri ndio kazi ya kwanza hiyo komiti imewahi kumaliza. Dungu likalia, likapinda, likafikiria kuanguka, likaacha. Akasimama hapo katikati ya mimi na mama watoto, anahema, maji inamtoka kila mahali kama amefuliwa.

Kutoka juu unaona mashamba yote. Akaangalia yetu, ya kahawia, vichwa vimejaa vimeinama. Halafu akaangalia lake kando ya barabara. Lilikuwa jeusi kwa ndege. Ile sanamu haikuonekana, ndege walikuwa wamevaa koti.  Hapo nikamhurumia kidogo, kama chumvi kwa yai. Ningekuwa yeye ningeomba debe.

Hakuomba debe. Watu kama hao hata nyumba ikiungua wanatafuta kwanza wa kulaumu. Akavuta koti ikanyooka.

"Haya ni maasi," akasema. "Na leo nimekuja kuwataja mmoja mmoja wale watakaa kiti cha nyuma." Akamwangalia mama watoto. Yeye akaangalia miguu. "Lakini kabla ya hukumu, tuombe."

Sasa sisi huku juu tulikuwa tunaomba macho ikiwa angani na mkono kwa kombeo, na Mungu alikuwa ametuelewa. Lakini mzee wa kanisa akisema tuombe, shingo ya mtu wa huku inainama yenyewe. Ni ugonjwa, tulizaliwa nao. Mama watoto akafunga macho. Cucu akafunga. Huko korongoni kijana wa mchanga akatoa kofia. Debe zikanyamaza, sufuria zikanyamaza, bonde lote likawa kimya hadi nikasikia jasho ya mzee ikidondoka kwa mbao.

Akaanza na kuumbwa kwa dunia. Akaumba mbingu, akapumzika. Akaumba nchi kavu. Akafika kwa ndege wa angani, na mimi nafikiri wakasikia wameitwa.

Nikafungua jicho moja. Walikuwa wanashuka, pole, bila kelele, na adabu, kama watu wamechelewa ibada. Wakajaza shamba la cucu. Wakajaza langu. Vichwa vya mtama vikaanza kuinama zaidi, na ile sauti ya midomo midogo ikaanza, trr, trr, kama mvua ya kwanza kwa mabati. Mzee akamaliza Edeni akaingia kwa Nuhu, na alikuwa anapandisha wanyama kwa safina mmoja mmoja. Niliona uji wa mwaka mzima ukienda. Niliona laini ya mahindi ya njano, na watoto wangu wamesimama. Lakini tangu dunia iumbwe, hiyo tumeelezewa vizuri, hakuna mtu wa huku amewahi kukatiza mzee wa kanisa akiomba, na mimi na mdomo yangu yote nilisimama hapo kama mti.

Mzee akatoa Nuhu kwa maji. Akashika njia ya Ibrahimu. Nikageuza lile jicho kwa mama watoto, nikapata lake pia limefunguka. Alikuwa anaangalia mtama. Mkono wake umeshika debe, na nikajua anasikia yale majembe. Mzee akavuta pumzi, akasema, "Na sasa, Bwana, tukifika kwa Isaka," na mke wangu, mtoto wa yule mama wa kiti cha nyuma, akainua kichwa akasema na sauti ilisikika hadi barabarani:

"Mzee, sema amina, mtama unaisha."